Gari la Miaka Ishirini, Kabla Hujalipa

Mtu wa Dar es Salaam akitangaza gari la kuuza, anachotaja mara baada ya jina la gari ni herufi. "IST namba D, bei maelewano." Herufi hiyo ni ya kwanza kati ya zile tatu zinazomalizia namba ya usajili, na sokoni imepewa uzito kuliko mwaka ambao gari lilitengenezwa. Namba E inauzwa ghali kuliko namba D, na D kuliko C, hata kama magari yote matatu yalitoka kiwandani mwaka mmoja, yana injini ileile na rangi ileile. Mnunuzi mgeni huondoka akiamini kwamba kwa kuongeza fedha amepata gari jipya kidogo, kumbe amepata gari lililochelewa kufika Tanzania.

Herufi inaeleza gari lilisajiliwa lini nchini, basi. Toyota IST ya toleo la kwanza ilitengenezwa kati ya 2002 na 2007. Ikiwa iliingia Tanzania miaka kumi iliyopita au iliingia juzi, chuma chake, nyaya zake na mipira yake vina umri uleule. Sheria yetu haimkatazi mtu kuingiza gari kuukuu, inamtoza tu. Mbali na ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, gari la abiria lililofikisha miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu, na likipita miaka 10 ushuru huo hufika asilimia 30. Kenya walichagua njia nyingine: gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akiisoma namba ya gari anaweza kukisia umri wake bila kukosea sana. Sisi hatuna bahati hiyo, inatubidi tuulize.

Sisemi herufi haina kazi. Inatuambia gari limekaa miaka mingapi kwenye barabara zetu, na miaka hiyo si sawa na ile ya Japani. Kule gari dogo la mtu binafsi hukaguliwa likitimiza miaka 3 tangu linunuliwe jipya, kisha kila baada ya miaka 2, katika ukaguzi wanaouita shaken. Lisipofaulu haliruhusiwi kutembea. Likiwa la petroli na likapita miaka 13, kodi yake ya mwaka hupanda kwa takriban asilimia 15. Ndiyo maana Wajapani huyaachia magari ambayo bado yana uhai mwingi, na ndiyo maana sisi tunayapata. Gari likishashuka bandarini kwetu, uangalizi wa namna ile umekwisha. Kuanzia hapo afya yake iko mikononi mwa mwenyewe: oili anayoweka, maji anayotia kwenye rejeta, matuta anayoyaruka bila kupunguza mwendo, fundi anayemwamini. Gari la namba C lililotunzwa na mtu mmoja mwenye daftari la matengenezo ni bora mara nyingi kuliko la namba D lililopita mikono minne. Soko halilipii tofauti hiyo, na hapo ndipo mnunuzi mvumilivu anapopata nafuu.

Lakini kabla ya kulitazama gari lenyewe kuna hesabu ya kufanya nyumbani, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua zaidi ya kitu kingine chochote kama ununuzi huu ni wa busara. Tuseme una akiba ya shilingi milioni 12. Wengi wetu tukiwa na milioni 12 tunatafuta gari la milioni 12. Tunampigia dalali, tunamwambia "bajeti yangu ni kumi na mbili", naye anatuletea magari ya kumi na mbili na nusu. Gari la miaka ishirini halinunuliwi hivyo. Mwenye milioni 12 atafute gari la milioni 9, na zile 3 zisiguswe kwa samani wala kwa sherehe ya kulizindua gari. Katika miezi michache ya kwanza zitahitajika, kwa sababu gari la umri huo huuzwa, mara nyingi, pale ambapo matengenezo makubwa yamekaribia. Shokapu zimechoka, tairi zimebakiza msimu mmoja, oili ya gia boksi haijulikani ilibadilishwa lini, betri inawasha kwa kusitasita. Mwenye gari aliyaona hayo kabla yako, akapiga hesabu, akaona heri auze.

Kuna na gharama ambazo hazisubiri. Kubadilisha umiliki TRA ni ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani ya gari, ada ya uhamisho shilingi 50,000 na kadi mpya shilingi 10,000. Kwa gari la milioni 9 hizo ni 150,000. Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa, inayoanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, kampuni nyingi hazitaikubali kwa gari la umri huu, kwa hiyo likiibiwa au likiungua, hasara yote ni yako. Kisha yanakuja mafuta. Anayeishi Kibaha na kufanya kazi Posta hutembea karibu kilomita 80 kwenda na kurudi. Katika foleni zetu gari la cc 1300 likikupa kilomita 12 kwa lita, hizo ni karibu lita 7 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni lita 154, na bei ikicheza karibu na shilingi 3,000 kwa lita, ni karibu shilingi 460,000 kila mwezi, kabla ya maegesho na kabla ya kuosha. Mtu ambaye mshahara wake hauwezi kubeba kiasi hicho atalipaki gari wiki mbili za mwisho wa mwezi, na gari linalokaa bila kutembea huharibika kwa namna yake.

Hesabu hiyo ikikubali, swali linalofuata ni gari gani. Kosa linaloumiza watu wengi ni kufuata bei. Unaona gari kubwa la Ulaya, viti vya ngozi, injini ya silinda sita, linauzwa sawa na Vitz, na moyo unakwenda huko. Bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haishuki pamoja nayo. Gari lililouzwa kwa mamilioni mengi likiwa jipya lina gia boksi, taa na kompyuta za bei ileile hata baada ya miaka kumi na tano, na ndiyo sababu mwenyewe analiachia kwa bei ya kutupa. Analiuza pamoja na deni la matengenezo ambalo halijaandikwa popote.

Kinyume chake ni magari yale ambayo tumeyazoea hata tukaacha kuyathamini. Injini ya 1NZ iliyo kwenye IST ya cc 1500 imo pia kwenye Vitz, Probox, Raum, Premio, Allion na Corolla za wakati huo. Maana yake ni kwamba mtaa wa Gerezani, Kariakoo, kila duka la pili lina kitu cha injini hiyo, kipya au kilichotumika, na fundi wa Songea ameifungua mara nyingi sawa na fundi wa Ilala. Inatumia cheni ya taimingi badala ya mkanda. Ikibadilishiwa oili kwa wakati, kuvuka kilomita 300,000 si ajabu kwake. Sifa hizo haziwavutii majirani, ila ndizo zinazomfikisha mtu kazini Jumatatu. Kwa upande mwingine, Noah, RAV4 na Premio za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizokuja na injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, zinahitaji mafuta safi na fundi anayeielewa. Ukilipenda gari la namna hiyo, soma maandishi yaliyo juu ya injini kabla ya kusoma kitu kingine. Na kuhusu haibridi kuukuu, kama hakuna aliyeipima betri yake kubwa kwa mashine mbele yako, achana nayo.

Sasa twende tukalione gari. Nenda asubuhi, na umwombe muuzaji asiliwashe mpaka ufike. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, limekwisha kuwashwa, na inakupasa kujiuliza kwa nini. Injini inayosumbua husumbua ikiwa baridi: huchelewa kuwaka, hugonga kwa sekunde chache, hutoa moshi ambao baadaye hupotea. Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oili na ukitazame upande wa ndani. Rangi ya oili iliyotumika ni nyeusi au ya kahawia, na hiyo haina neno. Ukikuta uji mzito wenye rangi ya chai ya maziwa, maji yamekutana na oili, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwisha. Fungua na kifuniko cha rejeta, injini ingali baridi. Kulanti huwa na rangi yake, kijani au nyekundu au bluu. Maji yenye kutu yanakueleza kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba kwa miaka, na kwamba ndani ya injini, mahali ambapo hutaona, kutu imekuwa ikifanya kazi yake.

Muulize muuzaji pia kama thermostati ipo. Mafundi wengi wa mjini huing'oa gari linapochemsha kwenye foleni, na tabu inaonekana kama imeisha. Haijaisha. Injini inakaa baridi kupita kiasi, inakula mafuta, inachakaa haraka, na sababu ya kwanza ya kuchemsha, iwe rejeta iliyoziba au feni mbovu, bado ipo palepale.

Ukizungusha ufunguo bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya injini na taa ya eabegi lazima ziwake, kisha gari likiwaka zizime. Taa inayobaki inawaka ni tatizo linalojulikana, na mashine ya fundi italitaja kwa msimbo wake. Taa isiyowaka kabisa inatisha zaidi, kwa sababu huenda kuna mtu aliyeifungua dashibodi na kuinyamazisha ili wewe usiulize. Washa sasa, na mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji. Ukiendesha, zima redio, pita kwenye matuta na barabara ya vumbi, usikilize miguu. Miguu inayogonga inatengenezeka na haipaswi kukuvunja moyo, ila bei yake ikatwe. Gia inayochelewa kuingia au inayoruka ni jambo zito zaidi, na kwa gari la bei hii kwangu inatosha kusema hapana.

Kuna sehemu moja ambayo watu hawaigusi, nayo inasema mengi: mkanda wa kiti. Uvute wote mpaka mwisho wake. Sehemu ya juu kila mtu huisafisha. Zile sentimita za mwisho, zinazolala ndani ya nguzo ya mlango, hakuna anayezifikia. Ukikuta mstari wa tope uliokauka au madoa ya maji, gari hilo limewahi kuzama. Inua na zulia chini ya viti, upapase reli za viti na mahali pa tairi la akiba. Dar es Salaam imepata mafuriko makubwa zaidi ya mara moja, na magari yaliyokwama bonde la Msimbazi hayakutupwa yote. Yalikaushwa, yakapigwa rangi, yakauzwa. Nyaya zake zinaoza polepole, na utakuwa mteja wa fundi umeme mpaka uchoke. Kwenye mkanda huohuo, chini kabisa, huwa kuna kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye tarehe ya kutengenezwa. Ilinganishe na mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zipimwe kwa akili ya kawaida. Gari la miaka 20, hata likitembea kilomita 8,000 tu kwa mwaka, limefika 160,000. Likionyesha 68,000, tazama mpira wa pedali ya breki, usukani mahali mkono unapokaa, na upande wa kiti cha dereva ambao mtu hujikwaruza akiingia. Vitu hivyo havirudishwi nyuma kwa kompyuta. Mwenye gari makini huwa amehifadhi pia karatasi zilizokuja na gari kutoka Japani, na cheti chake cha kusafirishwa nje huonyesha kilomita zilizorekodiwa kule. Akikupa karatasi hizo kabla hujaomba, muongezee heshima.

Jambo moja halimo katika ukaguzi wa gereji zetu nyingi, na linanisumbua kuliko yote. Mwaka 2017 kampuni ya Takata ya Japani iliomba kinga ya ufilisi baada ya eabegi zake kusababisha vifo katika nchi mbalimbali. Kilipuzi kilichotumika kuzijaza kilikuwa cha amonia naitreti, na kinapokaa miaka mingi kwenye joto na unyevu huharibika. Siku ya ajali, badala ya kupuliza eabegi, hupasua kasha lake la chuma, na vipande hurushwa usoni na shingoni kwa aliye mbele. Joto na unyevu, miaka mingi: hayo ndiyo mazingira ya Tanga, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine waliyaita magari ya miaka ya 2000 kwa mamilioni ili yabadilishiwe kifaa hicho, lakini gari lililokuwa limekwisha kuletwa Afrika halikuwa na mtu wa kulifuatilia. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 Ulaya, Japani na Marekani ziliuza nje magari madogo milioni 14 yaliyotumika, na asilimia 40 ya hayo yalikuja Afrika. Namba ya chasisi ya gari unalolitaka inaweza kuulizwa kwa wakala rasmi wa kampuni iliyolitengeneza, ama kutafutwa kwenye tovuti yake. Fanya hivyo kabla ya kujadili bei, hasa kama kiti cha mbele kitakaliwa na mwanao.

Fundi wa kukusaidia katika haya yote awe wako. Dalali hulipwa gari likiuzwa tu, na hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba fundi naye anaweza kuahidiwa cha juu ili aseme gari limenyooka. Kwa hiyo mtafute mwenyewe, mlipe kazi yake asubuhi kabla hajalishika gari, na mwambie wazi kwamba malipo hayo ni yake hata akikuambia usinunue. Kisha msikilize. Nimeona watu wakimlipa fundi mzuri, akawaambia ukweli, nao wakamtafuta mwingine wa kuwaambia walichotaka kusikia, kwa sababu familia ilikwisha kuambiwa kwamba Jumamosi gari linakuja. Usiwaambie nyumbani mpaka umelipa. Uhuru wa kuondoka bila kununua ndiyo nguvu pekee ya mnunuzi, na ahadi kwa familia huuondoa.

Mkikubaliana bei, zimebaki karatasi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo deni lile la zamani halipo. Lakini faini za trafiki na madeni ya maegesho ya TARURA hufuata namba ya gari bila kujali nani aliyeyasababisha, na yote huonekana mtandaoni kwa kuandika namba tu. Yalipwe na muuzaji kabla ya siku ya mkataba. Kadi halisi uione kwa macho, uishike. Anayekupa nakala na kueleza kwamba kadi iko kwa ndugu yake mkoani, huenda ameiweka rehani kwa mkopeshaji, na mkopeshaji atalifuata gari popote lilipo. Jina lililo kwenye kadi liwe la mtu aliye mbele yako na kitambulisho chake. Akiwa si yeye, aje mwenyewe, au uione hati ya kisheria inayompa mamlaka ya kuuza.

Fedha zipite benki, mkataba ushuhudiwe na wakili, na ombi la kubadilisha umiliki lipelekwe TRA wakati muuzaji bado anapokea simu zako. Mjini kwetu yako magari mengi yaliyouzwa mara tatu huku kadi ikibaki na jina la mmiliki wa kwanza, kwa sababu kila mnunuzi alisema atabadilisha baadaye. Gari hilo likimgonga mtu, polisi wataanza kumtafuta mwenye jina, na likikamatwa, wewe uliyelipa huna karatasi ya kulidai. Lipa ile 150,000 wiki hiyohiyo.